Kaa Hana Haja ya Kupendeza: Juu ya Uteuzi wa Vijinyama vya Nembo katika Hadithi Endelezi

Utangulizi

Makala haya yanapinga kauli mbili ambazo zimeanza kuchukuliwa kama kanuni katika mijadala yetu kuhusu hadithi endelezi. Kwa istilahi hiyo tunamaanisha masimulizi ambayo wasomaji au watazamaji wa kazi fulani hujitungia wenyewe kwa kuurefusha ulimwengu wa kazi hiyo. Wahusika huwa wale wale, au mahali huwa pale pale, lakini matukio ni mapya na mtunzi si yule wa awali. Katika tungo za namna hii aghalabu hujitokeza kijinyama cha nembo, yaani kiumbe kidogo kinachoteuliwa kiwe alama ya ulimwengu mzima wa hadithi. Huchorwa jaladani, huandamana na mhusika mkuu, na mashabiki hujitambulisha kwacho kama wapenzi wa kandanda wanavyojitambulisha kwa jezi.

Kauli ya kwanza yasema kwamba kijinyama hicho sharti kipendeze: kiwe na macho makubwa, manyoya laini na umbo la kukumbatika. Kauli ya pili hutolewa na wahakiki wanaojiona kuwa watetezi wa utamaduni. Hao husema kwamba kijinyama sharti kiwe cha kwetu, na wakishasema hivyo hawakawii kumtaja Sungura. Tunadai kwamba kauli zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zote zinakichukulia kijinyama kama pambo ambalo mtunzi hulibandika baada ya hadithi kukamilika. Sisi tunashikilia kwamba kijinyama hustahili kuwa nembo pale tu kinapobeba sheria ya ulimwengu wake na kuilipia sheria hiyo kwa mwili wake. Asiyekubali na ajaribu kukiondoa katika hadithi. Hadithi ikiendelea kusimama bila kuyumba, basi alichokiondoa kilikuwa kibandiko tu.

Mifano yetu ya masimulizi tutaichukua Unguja na kwingineko. Mifano ya viumbe tutaichukua Gazi, katika kaunti ya Kwale, kijiji kilicho kati ya Diani na Msambweni. Sababu ya kuiteua Gazi itadhihirika tutakapofika kwenye mikoko yake.

Uendelezi si jambo geni

Kabla ya kuzikabili kauli hizo mbili, hatuna budi kumjibu yule asemaye kwamba hadithi endelezi hazistahili kujadiliwa katika jarida la idara kwa kuwa ni kazi za vijana wanaokopa walichobuni wengine. Mtu huyu ameisahau takhmisi. Mtunzi wa takhmisi huchukua mishororo miwili ya mshairi mwingine na kuiongezea mitatu yake, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Takhmisa ya Liyongo ni kazi ya namna hiyo, nasi huifundisha bila haya. Hatumwiti mtunzi wake mwizi. Kinyume chake, tunamsifu kwa kuwa ameweza kuingia katika kauli ya mwenziwe bila kuivunja.

Hali ni hiyo hiyo katika nathari simulizi, na hapa ndipo suala la uteuzi wa wanyama linapoanza kujidhihirisha. Katika Panchatantra ya Wahindi, rafiki msaliti wa kima ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, rafiki huyo ni kobe wa majini. Katika masimulizi ya Unguja ambayo Edward Steere aliyachapisha mwaka 1870 katika Swahili Tales, rafiki ni papa. Kima yuko juu ya mkuyu, papa yuko chini baharini, na sultani wa papa anaumwa na hapati dawa ila moyo wa kima.

Papa si kijinyama kidogo, wala wasimulizi wa Unguja hawakuwa na jalada la kumchora. Hata hivyo kanuni ya uteuzi ni ile ile inayotushughulisha. Kwa nini papa? Watetezi wa uenyeji watajibu upesi kwamba papa ni wa bahari yetu. Jibu hilo halitoshi, kwani kasa pia ni wa bahari yetu, na wapo tele. Kama uenyeji ungetosha, kasa angetosha, na hadithi ingebaki karibu sana na umbo lake la Kiarabu. Tofauti imo katika kazi. Papa ana njaa ya asili ambayo kasa hana, na humchukua kima hadi bahari kuu, mahali pasipo na tawi la kushika. Sheria ya ulimwengu huo ni kwamba aliyeiacha nchi kavu hana silaha nyingine ila maneno yake. Ndiyo maana uongo wa kima kwamba moyo wake ameuacha mtini unakuwa na uzito wa kifo na uhai. Anayeileta sheria hiyo ndani ya hadithi ni papa mwenyewe. Mweke kasa mahali pake na utabakiwa na utani.

Kauli ya kwanza: kupendeza

Wanaotaka kijinyama kipendeze wana mfano mmoja ambao huutoa kila mara, nao ni Pikachu wa Pokémon. Kiumbe hiki cha manjano chenye mashavu mekundu kinajulikana na watoto wa Ukunda sawasawa na watoto wa Osaka. Hoja yao ni kwamba kimeenea duniani kwa sababu kinavutia macho.

Hebu tuutazame ushahidi wao. Pokémon ilianza nchini Japani mwaka 1996 kama mchezo wa kielektroniki wenye viumbe 151, na Pikachu alikuwa mmoja tu kati yao. Wengi wa wenzake walikuwa wanono, laini na wenye macho makubwa kama yeye. Aliyemtoa katika kundi hilo ni katuni ya televisheni iliyoanza mwaka 1997. Na katika kipindi chake cha kwanza Pikachu anafanya nini? Anakataa. Sheria ya ulimwengu huo ni kwamba kila kiumbe hufungiwa ndani ya mpira mdogo na kubebwa na bwana wake. Pikachu anakataa kuingia mpirani, anakataa kumtii kijana aliyepewa, tena anampiga kwa umeme. Baadaye, kijana huyo anapojiweka mbele ya kundi la ndege wakali ili kumkinga, ndipo kiumbe hiki kinapoutoa umeme wake wote kumtetea. Katika kisa hicho kifupi kuna swali zima la ulimwengu ule: je, urafiki unawezekana kati ya anayemiliki na anayemilikiwa? Pikachu ni nembo kwa kuwa ndiye anayeliuliza swali hilo. Uzuri wake ulifungua mlango tu.

Vijana wetu wanaoiga uzuri peke yake huishia na vijinyama visivyofanya lolote. Katika tungo nyingi tulizozisoma, kijinyama hukaa begani mwa mhusika mkuu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hutikisa mkia, hucheka, hulala. Hakijeruhiwi, hakidanganyi, hakisahau, wala hakiombwi kutenda jambo kisilolitaka. Tumezoea kuzungumzia wahusika bapa, lakini hawa hata ubapa hawajaufikia, maana mhusika bapa angalau ana tabia moja anayoitumikia.

Kuna ubaya mwingine mzito zaidi. Masimulizi ya pwani hayakuwahi kukilinda kiumbe kidogo dhidi ya maumivu kwa sababu tu ni kidogo. Tukumbuke kisa cha Sultani Darai, ambacho pia kimo katika mkusanyo wa Steere. Maskini Hamdani, ambaye kazi yake ni kupekua jaani, anaokota thumuni na kumnunua paa. Paa huyo mdogo ndiye anayemposea binti wa sultani, ndiye anayelipa bwana wake jina la kifalme, ndiye anayemuua nyoka mwenye vichwa saba na kuitwaa nyumba yake. Kisha paa anaugua. Bwana aliyefanywa sultani anaamuru apewe chakula duni, hataki hata kumtazama. Paa anafariki na kutupwa kisimani. Mwisho wa yote, Hamdani anaamka akiwa jaani kama zamani.

Tunawauliza wenzetu wa kauli ya kwanza: kipi katika paa huyu kinamfanya asisahaulike? Macho yake mazuri hayakumwokoa. Anakumbukwa kwa sababu sheria ya ulimwengu ule, kwamba neema ni deni, imeandikwa mwilini mwake. Anapougua, deni linadaiwa. Anapokufa, limekwisha kukanushwa, na nyumba yote iliyosimama juu yake inaporomoka. Mtunzi anayeogopa kumuuguza paa wake kwa kuwa wasomaji wanampenda ameitupa hadithi yenyewe.

Kauli ya pili: uenyeji

Wenye kauli ya pili wanastahili heshima zaidi, kwani wameona jambo la kweli: vijana wanaoandika wakiwa Msambweni wanajaza tungo zao vijinyama vya theluji. Lakini dawa wanayoipendekeza ni ya kuponyea maradhi mengine. Wanasema, mwekeni Sungura. Sungura wa Waswahili, Katsungula wa Mijikenda, yule yule mdogo anayewashinda simba na fisi. Nembo gani tena twaitafuta?

Tunajibu kwamba Sungura ana sheria yake, naye haiachi anapohamishwa. Sheria hiyo ni kwamba mnyonge ana ruhusa ya kudanganya. Humdanganya simba, na sisi hufurahi. Huwadanganya pia rafiki zake aliowaalika kula asali, na bado hufurahi. Katika ulimwengu ambao msingi wake ni uaminifu, au ambao mashujaa wake wameapa kutosema uongo, Sungura atakuwa ama mhaini ama mfu. Mtunzi anayemteua kwa ajili ya uenyeji tu hulazimika kumnyang'anya ujanja wake ili atoshee, na akishamnyang'anya hana tena Sungura. Ana masikio marefu tu.

Tafsiri zimetuonyesha jambo hili muda mrefu. Kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865 kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 kikatoka upya katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na ngano hukutana humo na sungura mweupe mwenye saa, ambaye anakimbia, anachelewa, na anawaogopa wakubwa wake wa jumba la kifalme. Sungura huyu hamdanganyi mtu. Anatumika. Sheria anayoibeba ni woga wa mtumishi mbele ya muda na mbele ya bwana. Wanyama wawili wenye jina moja, na kila mmoja anaushikilia ulimwengu wake barabara. Wabadilishe nafasi na ulimwengu wote wawili utaharibika. Basi jina la kwetu si dhamana ya chochote.

Kinyume chake, kiumbe kigeni kwa matumizi kinaweza kufanya kazi kubwa nyumbani. Chukua mwandishi kijana wa Gazi anayeuendeleza ulimwengu wa Harry Potter, uliozinduliwa kwa kitabu cha kwanza mwaka 1997. Katika ulimwengu huo bundi hupeleka barua, nao hupokelewa kwa furaha. Mhakiki wa uenyeji atamshauri kijana huyu amwondoe bundi na kumweka njiwa, kwa kuwa kwetu bundi ni ndege wa uchuro, na akilia juu ya paa watu husubiri msiba. Huo ni ushauri mbaya kabisa. Bundi na aje na barua yake, atue juu ya makuti ya nyumba ya bibi, na bibi aanze kusoma dua kabla mjukuu hajaifungua bahasha. Papo hapo ulimwengu wa awali umepata jambo ambalo mtunzi wake hakulijua: kwamba mwaliko wa elimu ya siri unaweza kufika nyumbani ukiwa na sura ya kifo, na kwamba mtoto anayeitikia mwaliko huo anawaacha nyuma watu wanaomlilia. Uenyeji wa kweli umo katika mgongano huo. Njiwa angeuzima.

Mikoko ya Gazi

Sasa twaweza kueleza kwa nini Gazi. Vitabu vya historia huitaja Gazi kwa ajili ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyeifanya ngome yake na aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Siku hizi hutajwa pia kwa ajili ya Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni ulioanza mwaka 2013, ambao huuza kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Fedha zake zimesaidia upatikanaji wa maji na vifaa vya shule. Mgeni anayepita juu ya daraja la mbao la akina mama wa Gazi huonyeshwa mkoko, mchu, mkandaa na mlilana. Chini ya mbao hizo, bahari inapokupwa, pana viumbe vidogo kwa maelfu ambavyo hakuna aliyeona vinafaa kuwa nembo, kwa sababu havina manyoya na kwa sababu havimo katika ngano tulizozizoea.

Tuanze na kaa mdogo wa matopeni ambaye dume lake lina gando moja kubwa mno. Gando hilo laweza kufikia theluthi ya uzito wake wote au zaidi, na halimfai kwa kula. Jike hula kwa magando mawili madogo. Dume hula kwa moja tu, huku lile kubwa likipungwa hewani kuwaita majike na kuwatisha wapinzani. Likikatika, jingine huota. Katika baadhi ya aina za kaa hawa gando jipya huwa refu kama la kwanza lakini jepesi na dhaifu, na mpinzani hawezi kuitambua tofauti kwa kutazama. Hivyo kaa huendelea kuogopwa kwa silaha ambayo haina nguvu tena, mradi asijaribiwe. Ni ulimwengu upi wa hadithi unaomhitaji huyu? Ni ule ambao utawala ni onyesho, ambamo kila mmoja hula nusu chakula ili aweze kubeba kitisho chake. Vijana wetu wanaoendeleza visa vya falme na vita wamezungukwa na kiumbe hiki, ilhali wanachora mbwamwitu.

Pia kuna kaa wa mikokoni ambao hukokota majani yaliyoanguka hadi ndani ya mashimo yao. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo ardhini, nao ni miongoni mwa wanaoizika. Kijiji kinapata maji kutokana na msitu ambao sehemu ya hazina yake imewekwa chini, jani kwa jani, na viumbe ambao hawamo katika hesabu ya mtu yeyote. Hiyo nayo ni sheria ya kuundia ulimwengu, nayo inafaa kwa hadithi za wale wanaotenda mema bila kutajwa.

Mwisho yupo kaa aishiye ndani ya gamba la konokono aliyekwisha kufa. Hakulijenga gamba hilo wala hakumuua mwenyewe. Hulibeba, hulitetea, na akikua hana budi kulihama na kutafuta jingine, na katika muda mfupi wa kuhama mwili wake laini hubaki wazi kwa kila adui. Kama waendelezaji wa hadithi za wengine wanatafuta nembo ya kazi yao yenyewe, hatujui iliyo bora kuliko hii. Inawatetea dhidi ya tuhuma ya wizi, na papo hapo inawaonya kwamba asiyehama gamba atadumaa ndani yake.

Pingamizi moja

Yumkini mtu atasema kwamba viumbe wapendezao huokoa viumbe. Atatutajia mbega wa Diani, ambaye kwa ajili yake watu wamefunga madaraja ya kamba juu ya barabara ili avuke bila kugongwa na magari. Je, nani angemfungia kaa daraja?

Pingamizi hili ni zito, wala hatulipuuzi. Manyoya meupe na meusi ya mbega yamewavuta watu. Hata hivyo, mtu anayepita Diani hukumbuka nini? Hukumbuka kamba ile juu ya lami, na mnyama anayelazimika kuvuka barabara iliyokata msitu wake katikati. Mbega amekuwa nembo ya mahali pale kwa sababu ana jambo la kuvuka. Mtoe barabarani, umchore akitabasamu kwenye fulana, naye atakuwa sawa na kijinyama kingine chochote cha kuuzwa. Isitoshe, fasihi haikuwekwa iwahurumie tu wale wanaokwisha kuhurumiwa. Wasimulizi waliotufundisha kumlilia paa wa thumuni wangeweza kutufundisha kumtazama kaa.

Hitimisho

Tunachokipigania hapa hakihusu jalada. Mtoto wa Gazi anayejua majina ya viumbe 151 wa kubuni na asiyeweza kutaja viumbe vitano vya mikoko ya nyuma ya nyumba yao hajakosa akili wala mapenzi ya hadithi. Amekosa hadithi ambayo viumbe hao wanatenda. Walimu na wahakiki wanaomwambia achague kinachopendeza wanamrudisha dukani. Wale wanaomwambia achague Sungura wanamrudisha kwenye kitabu cha ngano alichokwisha kukimaliza darasa la nne.

Kwa hiyo tunaipendekezea idara yetu mambo mawili. Kwanza, hadithi endelezi ziingizwe katika kozi ya fasihi simulizi na andishi, zisomwe sambamba na takhmisi na tafsiri, kwa vigezo vile vile. Pili, mwanafunzi anayewasilisha kazi yenye kijinyama cha nembo aulizwe maswali matatu kabla ya jambo jingine lolote: kijinyama hiki kinabeba sheria gani ya ulimwengu wako? Kinailipia wapi? Na je, umekiona kwa macho yako kikiishi, au umekiona kikiuzwa? Atakayeshindwa na swali la tatu asirudishwe maktaba. Apewe nauli ya matatu hadi Gazi na aambiwe saa za maji kupwa.